Shukrani kwa Mkutubi

Astahili shukrani mkutubi ambaye, akikabiliwa na riwaya za Wazanzibari watatu, Mohamed Said Abdulla, Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed, ambao majina yao yanakaribiana mithili ya ndugu wa tumbo moja, hamdhulumu hata mmoja wao haki yake: Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960 chenye Bwana Msa mpelelezi, humrejeshea wa kwanza, Utengano humpa wa pili, na Kiu, pamoja na Nyota ya Rehema, nayo kwangu ni johari, humwekea wa tatu. Kwetu jina la baba hufuata la mwana, basi asiyejali nasaba hupanga kwa kubahatisha. Lakini yeye, kwa kadi ndogo na subira kubwa, huwapambanua, ili msomaji aliyemtaka huyu asipewe yule.