Uwanja na Kiwanja: Kumsoma Kezilahabi Namtumbo

Tumezoea kuifundisha Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi kama hadithi ya kijana aliyeharibiwa na starehe. Tumaini anarithi mali, anaitapanya, yanamkuta ya kumkuta. Mwalimu anaandika ubaoni "athari za maisha ya mjini", wanafunzi wananakili, mtihani unapita. Usomaji huo si wa uongo, ila unaacha nje nusu nzima ya kitabu. Tumaini hafi kwa pombe wala wanawake. Anashika kilimo, anatajirika, na serikali inapochukua shamba lake kwa jina la ujamaa anamuua mkuu wa wilaya na kuishia kitanzini. Kinachommaliza ni ardhi.

Riwaya hii ilitoka mwaka 1975, watu wakiwa bado wanahamishiwa vijijini kwa Operesheni Vijiji. Leo naisoma Namtumbo, na naona imeanza kusema jambo jipya.

Namtumbo ilimegwa kutoka Songea ikawa wilaya mwaka 2002. Barabara ya lami inayotoka Songea kwenda Tunduru na Mtwara inapita hapa, na kandokando yake fremu za maduka zinaota mithili ya uyoga. Bodaboda, wakala wa pesa za simu, wanunuzi wa ufuta msimu ukifika: wote wamo. Upande wa Mto Mkuju kuna urani, ambayo kwa ajili yake UNESCO iliridhia mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe. Na nchi yenyewe inajaa: sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Jamani, hao wote hawawezi kuenea Kariakoo na Mbagala. Wengi watajenga miji kama hii.

Kwenye mji kama huu kisa cha kijana kupanda basi kwenda kupotelea mjini hakitoshi tena. Mji ndio unaosafiri. Bibi analala akiwa na shamba, anaamka lina vigingi na jina lake jipya ni kiwanja. Chini ya sheria za ardhi za 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Eneo likigeuzwa mji, maamuzi huhamia kwingine. Hapo ndipo jina la riwaya linaponigutusha: uwanja wa fujo na kiwanja cha kupimwa ni ndugu wa tumbo moja.

Chachage Seithy L. Chachage aliliona hili. Makuadi wa Soko Huria (2002) inatupeleka kwenye delta ya Rufiji, ambako mradi mkubwa wa kamba unawatishia wenyeji. Kwa Kezilahabi ardhi inachukuliwa kwa jina la ujamaa, kwa Chachage kwa jina la uwekezaji. Majina yanabadilika, anayeondoka ni mkulima. Udhaifu wa Chachage ni kwamba wahusika wake mara nyingine wanahutubia badala ya kuishi. Msomaji anajua mapema apige makofi wapi. Kezilahabi hana hotuba hiyo. Anatupa mtu mwenye haki nusu na hatia nzima, kisha anatuacha naye.

Lakini na yeye nina deni la kumdai. Tumaini ni tajiri, na tunaiona ardhi zaidi kwa macho ya mwenye ekari nyingi. Mwenye ekari mbili za mahindi na tumbaku angeisimulia vipi? Shafi Adam Shafi alithubutu kitu cha namna hiyo katika Kuli (1979): akaujenga mji wa Zanzibar juu ya mabega ya wapagazi wa bandarini mpaka mgomo wa 1948. Pale mji si mtego wala starehe, ni kazi.

Kwa hiyo simwombi mwandishi atakayeandika Namtumbo aulaani mji. Lami imerahisisha safari ya mgonjwa na ya gunia la mahindi, na hakuna mtu hapa anayetaka ing'olewe. Ninachoomba ni riwaya itakayokaa na yule bibi siku vigingi vinapopigwa, isikie anachouliza na nani anamjibu. Mpaka iandikwe, walimu, tuisomeni Dunia Uwanja wa Fujo hadi ukurasa wa mwisho.