"Reformasi" na "Pembaharuan"

Kiingereza hutumia neno moja tu, reform, kwa marekebisho ya kodi na kwa kilio cha umma barabarani. Kimalei hakiwezi tena. Neno reformasi lilivuma Indonesia Suharto alipoanguka Mei 1998. Septemba mwaka huohuo, Anwar Ibrahim alipoondolewa katika unaibu waziri mkuu wa Malaysia, likawa jina la harakati za wafuasi wake. Mfasiri anayelitia katika waraka wa benki huwa amekwisha kuegemea upande bila kukusudia, hata sasa ambapo Anwar mwenyewe amekuwa waziri mkuu tangu Novemba 2022. Pembaharuan, lililojengwa juu ya baharu, yaani "-pya", lingemfaa zaidi. Ijapokuwa nalo hutaja upya tu, halisemi kwamba cha zamani kilikuwa kibovu.

Katika uchumi walifaulu zaidi. Kutoka swasta, "-a binafsi", Wamalaysia walipata penswastaan kwa viambishi vya lugha yao, ilhali Waindonesia waliunda swastanisasi kwa kiambishi cha kuazima. Ubinafsishaji wetu ulipita njia ile ya kwanza. Lakini mageuzi je? Tunayataja kwa kodi, kwa elimu na kwa vyama vingi, kisha tunamshangaa msomaji anayeuliza ni mageuzi gani.