Ustadi wa Mstari Mmoja

IRC, itifaki ya gumzo la maandishi iliyoundwa na Jarkko Oikarinen huko Oulu, Finland, mwezi Agosti 1988, ni kazi ya fundi aliyejua kubana. Kila ujumbe ni mstari mmoja usiozidi baiti 512. Anayeandika «PRIVMSG #goma :Jambo wote» huikabidhi seva mstari huo. Seva huutanguliza kwa jina la mwandishi, kisha huusambaza kwa wengine waliomo katika chaneli ya #goma na kwa seva jirani. Seva ikitaka kujua kama mtu bado yupo, hutuma PING, na programu yake hujibu PONG. Jibu lisipofika, mtu huyo huondolewa.

Mahali kama Goma, mashariki mwa Kongo, ubanaji huo ni neema. Setilaiti zilizobeba intaneti ya mashirika mengi mjini hukaa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, na swali na jibu huchukua karibu nusu sekunde kwa safari peke yake. Ukurasa wenye picha husuasua. Mstari wa maandishi hupita. Tena seva ya IRC huenea katika kompyuta ndogo. Januari 2015, serikali ya Kongo ilipokata intaneti na ujumbe mfupi, gumzo la aina hii lingeweza kuendelea katika mtandao wa jengo moja, kwani halitegemei kituo chochote cha ng'ambo.

Ulinzi haukuwamo tangu mwanzo. Mistari ilisafiri wazi, neno la siri likiwemo, na aliyekaa njiani aliisoma. Mtu akitoka, mwingine alilitwaa jina lake. Tiba ilikuja tabaka kwa tabaka: huduma za kusajili majina, kisha TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano, ambayo mlango wake kwa IRC, namba 6697, ulitajwa rasmi mwaka 2014. Lakini TLS hulinda njia kati ya mtumiaji na seva tu. Mwenye seva huona yote. Siri ya watu wawili ilihitaji OTR, ya mwaka 2004, inayosimba ujumbe kabla haujatoka kwa mwandishi.

Waendesha phonie, yaani redio za mawasiliano, wa Kivu, eneo la Goma, waliijua kanuni hii kabla ya intaneti: masafa ni ya wote, basi maneno hupimwa. Uzuri wa IRC ni kwamba haifichi udhaifu wake. Mwanafunzi anaweza kujiunga na seva, akaandika amri kwa mkono, na kuona mwenyewe siri inaanzia wapi na inaishia wapi. Itifaki chache humpa mjifunzaji heshima hiyo.