Kamusi Mbili za Rabai

Iko hukumu iliyozoeleka katika habari za misheni za pwani, ya kwamba kazi ya Krapf na Rebmann kule Rabai ilikuwa na imani nyingi na mavuno haba. Ahesabuye waliobatizwa hawezi kuikana. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwezi wa Julai wa mwaka ule ule akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Rebmann alimfuata mwaka wa 1846, wakakaa pamoja Rabai. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu kilema, naye alibatizwa akiwa karibu na kufa. Krapf akaondoka mwaka wa 1853, afya yake imeharibika. Rebmann alikaa katika nchi hizi miaka 29 pasipo kurudi kwao Ulaya. Alipoondoka mwaka wa 1875 macho yake yalikuwa hayaoni, akaongozwa njiani na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Mwaka uliofuata akafa.

Walakini sisi tufundishao kwa Kiswahili tunavyo vitabu viwili vya watu hawa, nami naona hukumu ile haijavisoma. Cha kwanza ni kamusi ya Kinyasa ya Rebmann, iliyotoka mwaka wa 1877. Cha pili ni kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf, iliyotoka London mwaka wa 1882. Hapana hata mmoja wao aliyekishika mkononi kitabu chake kikiwa kimekwisha kutoka: Rebmann alikufa 1876, Krapf alikufa Novemba 1881. Tena ile ya Rebmann isingalitoka, kama Krapf, naye mzee, asingalikaa kuitengeneza kwa ajili ya mwenzake.

Tuanze na Kiswahili. Mwalimu wa leo afunguaye kamusi ya Krapf hukasirika kwanza kwa maandishi yake. Huandika *Suahili* pale tuandikapo *Swahili*. Na *Kinika* na *Kiniassa* ni *Kinyika* na *Kinyasa* chetu. Neno lianzalo na *ny* ni shida kulipata mpaka mtu azoee. Kiingereza chake nacho ni Kiingereza cha Mjerumani, kizito, na mara nyingine maana hufichwa na maelezo yaliyokusudiwa kuifunua. Haya ni makosa ya kweli, wala sipendi kuyafunika kwa heshima ya marehemu. H. K. Binns, aliyeijua Mombasa kwa miaka mingi, aliona afadhali kuipanga upya kamusi ile nzima, akaitoa mwaka wa 1925. Na wengi waliojifunza kwa Binns hawakujua ya kuwa wanakula chakula cha Krapf katika sahani mpya.

Lakini twende ndani zaidi. Krapf hakujifunza Kiswahili kwa kitabu, maana palikuwa hapana kamusi wala sarufi iliyopigwa chapa. Sarufi ya kwanza ni yake mwenyewe, ya mwaka wa 1850. Alijifunza kwa vinywa vya watu wa Mvita, hao wasemao *ndia* na *mato* pale Mwunguja asemapo *njia* na *macho*. Ulipofika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha shule, na tangu hapo maneno mengi ya Kimvita yameonekana kana kwamba ni makosa ya watoto. Nimewaona walimu wakiyapigia mstari mwekundu katika daftari. Mwalimu wa namna hiyo na aifungue kamusi ya Krapf kabla ya kuchovya kalamu. Ataona kwamba neno alilolikata lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa uangalifu na mgeni aliyekuwa mgonjwa wa homa, miaka mingi kabla ya kuwako Kiswahili cha shule. Ubaya mwingine wa kitabu hiki, yaani kwamba hakijui kufupisha, hapa umekuwa faida. Kwa kuwa mtungaji haridhiki na neno moja kwa neno moja, bali hueleza jinsi kitu kitumiwavyo na desturi ifuatanayo nacho.

Kamusi ya Kinyasa ni habari ya ajabu zaidi. Rebmann aliiandika katika miaka ya 1850, akiwa Rabai, juu ya lugha ya nchi asiyoiona kamwe. Mwalimu wake alikuwa Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Rebmann alitumaini kwamba siku moja Injili itafika huko, na kwamba atakayeipeleka atahitaji lugha. Kwa hesabu ya binadamu kazi hii ilikuwa upuuzi: kanisa la Rabai lenyewe halijaza ukumbi, na mchungaji wake anaandika maneno ya watu walio mbali naye safari ya miezi. Tena, kitabu kilipotoka, wamisionari wengine walikuwa wamekwisha kufika Nyasa, nao wakajifunza kwa wenyeji. Mtu angeweza kusema kwamba kilichelewa.

Hakikuchelewa, ila kilikuwa na kazi nyingine asiyoiwazia mtungaji. Stesheni ya kwanza ya misheni katika nchi zile ilijengwa mwaka wa 1861, pale Magomero. Salimini alikuwa amekwisha kusema maneno yake kabla ya hapo, kabla lugha haijapata kuandikwa na shule wala kupatanishwa na watafsiri wa Biblia. Kwa hiyo wachunguzi wa Chichewa wa siku zetu hukirudia kitabu hiki kama shahidi wa zamani, na kwa mambo mengine humwamini kuliko vitabu vilivyokuja baadaye.

Hapo ndipo nina lawama moja, nayo si ya tahajia. Katika ukurasa wa jina la kamusi hii wameandikwa Rebmann, mtungaji, na Krapf, mtengenezaji. Salimini hayupo. Najua desturi ya zamani zile ilikuwa hivyo, na ya kwamba Rebmann mwenyewe alimtaja katika maandishi yake. Hata hivyo maneno ni ya Salimini: alinyang'anywa nchi yake na jamaa zake, akabaki na lugha, na hiyo ndiyo aliyoitoa. Tumsifuye kwa saburi ni nani basi, aliyekaa na kalamu peke yake, au na yule aliyeketi mbele yake akijibu swali baada ya swali, hali jioni anarudi kwa bwana wake? Kama kamusi hii itapigwa chapa tena, jina lake na liandikwe juu, kwa herufi zilizo sawa na za wenzake.