Kuchagua Pweza, Korosho na Tembo la Kilwa

Anayetoka Kilwa Masoko alfajiri na kurudi jioni anaweza kuonja vitu vitatu ambavyo pwani hii inajivunia: pweza, korosho na tembo la mnazi. Vyote hupimwa vizuri zaidi pale vinapopatikana, kabla chumvi au moshi havijaficha kasoro.

Pweza hutangulia, kwa kuwa saa yake hupangwa na bahari. Siku za bamvua maji yakitoka, wavuvi, wengi wao wanawake, humchokoa pangoni kwa mti. Mashua ya kwenda Kilwa Kisiwani, alikofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, ikiondoka wakati huo humkuta pweza angali mbichi kabisa. Ngozi yake ni ya kahawia yenye mabaka, ikifikichwa haichubuki, na vinyonyeo vyake bado hushika kidole. Akiwa amepauka na utelezi wake unanuka, huyo amelala. Mwenye uzito chini ya nusu kilo aachwe hata akiwa mzuri, maana kanuni za uvuvi zinamkataza, na hajawahi kuzaa.

Korosho zinataka jicho kali zaidi. Msimu huanza Oktoba, na za msimu mpya ndizo za kutafutwa. Ghafi zikitiwa majini, nzima huzama na zenye kokwa iliyosinyaa huelea. Iliyobanguliwa inapaswa kuwa na rangi ya pembe ya ndovu, na ikivunjwa itoe mlio. Inayopinda imenyonya unyevu. Madoa meusi yenye uchungu ni mafuta ya ganda yaliyopenya wakati wa kuchoma, na hakuna chumvi inayoyaondoa. Madaraja ya biashara husomwa kinyume na mtu anavyodhani: W180 ni kubwa kuliko W320, kwa sababu namba huhesabu kokwa katika ratili moja. Ukubwa huo hupandisha bei, lakini ladha haimo ndani yake. Vipande vilivyochomwa asubuhi ile huzishinda nzima zilizokaa kwenye mfuko.

Tembo ni la mwisho, katika minazi ya Kilwa Kivinje. Wenyeji wengi ni Waislamu, hivyo huulizwa kwa adabu. Lililogemwa asubuhi huwa jeupe kama maji ya mchele, tamu, lenye povu jepesi. Jioni limeshakuwa kali. Lisilo na povu wala harufu limetiwa maji. Lililolala linaelekea kuwa siki, na hapo hufaa kachumbari.