Kicheko na Kiza katika Fahrenheit 9/11

Filamu ya Michael Moore, Fahrenheit 9/11, ilitunukiwa Palme d'Or mjini Cannes mwezi Mei 2004, na ilipoingia katika majumba ya sinema mwezi uliofuata ikavuna fedha ambazo filamu ya hali halisi ilikuwa haijapata kuziona: zaidi ya dola milioni 200 duniani kote. Hoja yake kuu, kwamba vita vya Iraq vya Machi 2003 vilisimikwa juu ya uongo, haikuchelewa kuthibitika. Silaha za maangamizi zilizofanywa kisingizio hazikuonekana. Basi mtazamaji wa mwambao aliyevipinga vita vile tangu siku ya kwanza angetarajiwa kuishangilia filamu hii mwanzo hadi mwisho. Mbona basi anainuka kitini na donge kooni, tena si lile alilokusudiwa na mtunzi?

Haki itangulie. Picha za ndege zikigonga majengo ya New York tarehe 11 Septemba 2001 zilikuwa zimerudiwa mno hata zikachujuka. Moore anaziondoa. Kioo kinakuwa kiza kitupu. Kinachobaki ni sauti: ngurumo, kishindo, mayowe. Kisha nuru inarejea juu ya nyuso za watu walioinua macho, na makaratasi yanayopepea vumbini. Wapenzi wa ushairi watakifahamu kipimo hiki bila ya kuelezwa: jambo zito halitajwi, linaachiwa nafasi, na msikilizaji hulijaza kwa pumzi zake mwenyewe. Lau filamu nzima ingekwenda kwa adabu hiyo, pasingekuwa na la kulalamikia.

Lakini Moore ni mtu wa mzaha, na mzaha wake hauchagui. Anapotaka kuonyesha ukaribu wa jamaa ya Bush na watawala wa Saudia, anaunga vipande vya watu wakipeana mikono na kutabasamu, huku suti, huku kanzu na vilemba, na juu yake wimbo mchangamfu wa kundi la R.E.M. Suala la mafuta na fedha ni suala la hesabu na mikataba, na baadhi ya hesabu hizo filamu inazitoa. Vipande vile, hata hivyo, havina hesabu yoyote. Vina mavazi tu. Kanzu ndiyo inayopandishwa kizimbani. Watu wa mwambao, ambao tangu mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998 wameona kofia na ndevu zikimtia mtu shakani kabla hajafungua mdomo, hapo hawana cha kuchekea.

Kikubwa zaidi ni kile kipande kifupi juu ya nchi zilizojiunga na Marekani katika vita. Palau inatajwa, na watu wake wanaonyeshwa wakicheza ngoma. Costa Rica inapewa mkokoteni wa ng'ombe, Iceland mabaharia wa kale, Romania mnyonya damu, Morocco nyani. Mzaha unataka kusema kwamba muungano ule haukuwa na uzito, na kweli nchi ndogo ziliorodheshwa ili kuficha upweke wa mkubwa. Ila Uingereza, iliyopeleka makumi ya maelfu ya askari, haimo katika orodha hiyo ya kuchekwa. Waliochaguliwa ni wale wasio na mdomo wa kujibu. Kijembe kina sheria zake. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliwatupia Lamu maneno makali, na Lamu ilikuwa na malenga wake wa kuyarudisha. Palau itamrudishia nini Moore?

Tena ni hasara kwa hoja yake mwenyewe. Sehemu iliyo bora katika nusu ya pili ni ile ya mji wa Flint, Michigan, ambako viwanda vya magari vimefungwa na maafisa wa jeshi wanazungukia maduka wakiwanasa vijana wasio na kazi. Visiwa vya Palau havina jeshi lao. Vijana wake wanaruhusiwa kujiunga na jeshi la Marekani, wamejiunga kwa wingi, na wamo waliokufa katika vita hivi. Ni hadithi ile ile ya Flint, kwenye bahari nyingine. Mtunzi aliyeiona kwao hakuiona kwa wenzake, kwa sababu ngoma ilimchekesha.

Baghdad nayo inaonyeshwa kabla ya mabomu: watoto, tiara angani, watu mabarazani. Ni picha za kweli, kwani hata chini ya dhalimu watoto hurusha tiara. Lakini hazibebi hata kivuli cha Halabja, ambako mwaka 1988 watu wapatao 5,000 waliuawa kwa sumu. Mwiraki aliyenusurika huko angezitazama kwa jicho jingine.

Mama wa Flint aliyepoteza mwana anapewa nafasi ya kutosha. Mtazamaji anaingia nyumbani kwake, anaisikia barua ya mwisho ya kijana wake, anamwona akiinama kwa uchungu karibu na White House. Hakuna awezaye kumtazama mama yule na moyo ukabaki mkavu. Hemedi bin Abdallah al-Buhry, alipotunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, aliviona vita vya 1888 kutoka ufukweni, si kutoka kwenye sitaha ya manowari. Katika filamu ya Moore ufukwe huo yumo bibi mmoja wa Kiiraki aliyesimama penye kifusi, akimlilia Mungu na kuwaapiza waliomtenda. Hapewi nyumba ya kuingiwa, wala barua ya kusomwa. Anapewa muda wa kilio kimoja, na filamu inaendelea na safari yake ya Washington.