Koroma: Neno Lililo Baina ya Dafu na Nazi

Wako wafafanuzi wanaodhani kuwa wamekwisha kulieleza neno koroma wanapoliita "nazi changa". Maelezo hayo hayatoshi, tena yanaharibu zaidi ya neno moja.

Tunda la mnazi hupewa majina kwa kadiri ya kukua kwake: kidaka, kitale, dafu, koroma, na mwisho nazi. Kamusi ya Johnson ya 1939 ilikwisha kuzitaja hatua hizi kwa taratibu. Tukikubali kuwa koroma ni nazi changa, basi dafu nalo ni nazi changa, na kitale vivyo hivyo. Majina manne yageuka kuwa moja. Msemaji wa pwani hasemi hivyo. Kwake dafu si nazi iliyopungukiwa, bali ni kitu kamili, chenye maji matamu na nyama laini. Ndiyo maana likapata nahau yake: asiyemudu kushindana huambiwa hafui dafu.

Lililo katikati hasa ni koroma. Maji yake yameanza kupungua, na nyama yake imeanza kuwa ngumu, ila haijafikia kutoa tui zito. Mwenye kiu hutafuta dafu. Mpishi hutafuta nazi. Basi maana ya koroma haimo katika umri peke yake, bali katika kazi mbili: moja imekwisha kulipita, na nyingine halijaifikia.

Pengine tutaambiwa kuwa mpaka wake haujulikani. Ni kweli kwamba mpaka baina ya mpunga, mchele na wali ni dhahiri zaidi, kwani huo huwekwa na mkono wa mtu, kwa kukoboa na kupika. Huu wa koroma huwekwa na wakati. Hata hivyo hauko gizani. Dafu likitikiswa halisikiki, maana limejaa. Nazi ikitikiswa, maji hucheza ndani. Kisichokatwa kwa kisu chaweza kutambuliwa kwa sikio.

Mwanafunzi asiyepata kuuona mnazi hana mwalimu wa neno hili ila kitabu. Akipewa "nazi changa", atalitia mahali pa dafu, na kosa litarudi katika lugha likiwa na heshima ya shule. Hivyo twapendekeza kila neno la hatua lielezwe kwa mambo matatu: hali ya kitu, majirani zake wa mbele na nyuma, na kazi yake kwa watumiaji.